Mahurunga, Chini ya Njia ya Fiat

Barabara ya kwenda Kilambo hupita kwenye mikorosho, halafu ardhi inateremka na Ruvuma inajitokeza, pana, yenye mafungu ya mchanga. Ng'ambo ni Msumbiji. Nilikuwa nimesoma mengi kuhusu Fiat G.91, ndege ya kivita ya Mreno, lakini ardhi iliyokuwa chini yake sikuwahi kuikanyaga. Ndiyo maana nilikuja Mahurunga.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Karibu kivulini."

Mzee alinionyesha upande wa kusini. Enzi za vita vya uhuru wa Msumbiji, alisema, kila kaya ilichimba handaki, kwani ukisikia mlio, ndege imekwishafika. Hesabu inamuunga mkono. Mreno alikuwa na uwanja wa ndege Mueda, ndani ya Msumbiji, na kutoka huko hadi hapa hazifiki kilomita 200. Kwa mwendo wa kilomita 1,000 kwa saa, ni dakika zisizozidi 12. Mto wenyewe unavukwa kwa sekunde chache.

Fiat iliundwa Italia na kuruka mara ya kwanza mwaka 1956. Ureno ilipata 40 kutoka Ujerumani Magharibi. Ilibeba rubani mmoja, bunduki nne za rashasha za milimita 12.7, mabomu na roketi chini ya mbawa. Puani ilikuwa na kamera, na hizo ndizo zinazonitisha kuliko mabomu: ndege ileile ingeweza kupiga picha shamba la mtu asubuhi, kisha irudi kulichoma.

Ila jeti haiwezi kukaa. Hupiga ikaondoka, na rubani haoni kilicho chini ya majani. FRELIMO, waliokuwa wakipigania uhuru wa Msumbiji, walilijua hilo, wakasafirisha mizigo usiku kwa kichwa. Mwaka 1970 Mreno alianzisha operesheni kubwa ya Nó Górdio kwenye nyanda za Wamakonde, kwa ndege na maelfu ya askari. Aliteka kambi, wapiganaji wakaendelea. Mwaka 1973 wapiganaji wa PAIGC, waliopigana na Mreno huyohuyo huko Guinea-Bissau, waliangusha Fiat kwa kombora la Strela linalorushwa begani, na mwaka uliofuata makombora hayo yalikuwa mikononi mwa FRELIMO. Anga halikuwa tena la Mreno peke yake. Juni 25, 1975, Msumbiji ikawa huru.

Nikiwa narudi nilipitia Naliendele, kwenye makaburi ya askari wetu wa Tanzania waliokufa katika vita hivyo. Msomaji, ukifika Mtwara, nenda ukawasalimu.