Bibi Harusi, Kula: Gauni Linafumuliwa

Mimi nilizaliwa Unguja, ndoa ikanileta Arusha, chini ya Mlima Meru. Nashona magauni ya harusi na mabaibui. Leo nawapa pishi la maharage, lakini kwanza niwaambie lilivyonifaa.

Kuna binti aliniletea kitambaa cha gauni la nikahi. Nilimpima, kiuno inchi 31. Akaniambia, "Dada, shona 28, nitapungua." Nikacheka, nikashona 28. Hapo nilikosea.

Alirudi wiki sita baadaye kujaribisha. Gauni lilimkaa. Nikiwa nafunga vifungo vya mgongoni, nikahisi mwili umelegea, akaniangukia mikononi. Tulimlaza mkekani, tukampepea. Alipozinduka akakiri kwamba tangu jana yake hakutia kitu tumboni ila maji ya ndimu. Nilimpa chai yenye sukari, kisha nikafungua bakuli langu la mchana: rojo la maharage na karoti za kuchovya. Akala kidogo kidogo, mwishowe akamaliza lote. Akauliza, "Hii unaitengenezaje?"

Ni hivi:

- Maharage yaliyoiva vikombe 2 (mimi hununua ya njano sokoni Kilombero)
- Karoti 1 iliyochemshwa
- Pilipili hoho nyekundu 1, ichome motoni na uimenye ngozi
- Kitunguu saumu punje 2
- Maji ya ndimu 1
- Mafuta ya alizeti au ya zeituni vijiko 2 vya chakula
- Bizari nyembamba nusu kijiko cha chai, chumvi kidogo na kotmiri

Tia vyote kwenye blenda, saga mpaka vilainike. Kikiwa kizito, ongeza supu ya maharage kijiko kimoja kimoja. Huna blenda? Kinu na mchi vinatosha. Kama maharage yameshaiva, ni kazi ya dakika kumi tu. Chovya karoti, tango, chapati au muhogo wa kuchemsha. Kwenye friji linakaa siku tatu bila shida.

Sasa nyinyi wa visiwani mtanicheka: mara ya kwanza kupika maharage Arusha niliyatazama jikoni mpaka adhuhuri ikapita, bado magumu. Nikadhani nimeuziwa mabovu. Kumbe huku tuko mita kama 1,400 juu ya bahari, na maji yanachemka karibu nyuzi 95 badala ya 100, hivyo maharage huchelewa kuiva. Siku hizi nayaloweka usiku kucha, asubuhi namwaga yale maji, natia mapya. Popote ulipo, yachemshe yatokote vizuri mpaka yaive kabisa. Maharage mabichi, hasa mekundu, yana sumu inayosokota tumbo na kutapisha, na moto mdogo usiochemsha hauiondoi.

Mwenye haraka apike kilo nzima Jumapili, agawe kwenye vibakuli, agandishe. Ndivyo ninavyofanya msimu wa harusi, wateja wakiwa wamejaa mlangoni.

Kwa nini maharage? Yana protini na nyuzinyuzi, yanashibisha muda mrefu, na bei yake haiumizi. Ukitaka kupungua, pungua ukiwa umekula. Punguza vya kukaanga, soda na sukari, usipunguze uhai wako. Abdullah bin Amr alikuwa akifunga kila siku na kusimama usiku kucha katika ibada, na Mtume (S.A.W) akamkumbusha kwamba mwili wake una haki juu yake. Ikiwa hata kwa ibada mwili hauvunjiwi haki, itakuwaje kwa gauni la siku moja?

Yule binti nilimfumulia mishono ya pembeni, nikaachia inchi mbili. Aliolewa akiwa amesimama imara, alhamdulillah, na kwenye picha hakuna anayejua kiuno kilikuwa inchi ngapi.

Tangu siku hiyo sishoni tena kipimo cha "nitapungua". Nashona mwili ulio mbele yangu, na kila pembeni naacha inchi moja ya akiba. Mwambie na fundi wako akuachie. Kisha nenda kaloweke maharage.