Ukuta Mmoja, Nyumba Mbili



Hapa Manda jiwe ni riziki. Katika machimbo ya Maweni hukatwa mawe ya matumbawe, yakavushwa kwa jahazi kwenda kujenga Amu. Mwaka huu mawe hayo tumeyanunua wenyewe, tuwajengee mabinti zetu wawili nyumba mbili katika kiwanja kimoja, zenye kushirikiana ukuta wa kati. Wazazi kadhaa tunaowajua wameanza kujenga vivyo hivyo, kwani ardhi imepanda bei na mfuko ni uleule.

Jambo hili si geni. Mji wa Amu, uliotiwa na UNESCO katika urithi wa dunia mwaka 2001, nyumba zake zimeegemeana, na juu ya vichochoro hupita wikio, chumba kinachounganisha nyumba za jamaa. Wazee wetu walimpa binti nyumba anapoolewa. Wakikosa ardhi, walimwongezea ghorofa juu au walimjengea ubavuni. Ukuta mmoja huokoa mawe, chokaa na ujira wa fundi, na mama humsikia mwanawe akiugua usiku.

Lakini ukuta wa shirika una haki zake. Abu Huraira, Allah amridhie, amepokea kwamba Mtume (s.a.w.) alikataza mtu kumzuia jirani yake kupachika boriti katika ukuta wake. Hadithi hiyo tuliihifadhi tungali watoto, na tumeisomesha miaka mingi. Hata hivyo, jirani yetu alipotuomba aegemeze boriti za jiko lake ukutani mwetu, tulimkatalia. Tulisema twahofia nyufa. Kwa hakika tulichokihofia ni kelele za watoto wake. Akajenga ukuta wake, shibiri moja kutoka wetu. Maji ya mvua yakaingia katika mwanya ule, yakala chokaa ya kuta zote mbili.

Alifariki kabla hatujamwomba radhi. Tulipomwendea mjane wake, alitujibu kwa upole: "Maalim, marehemu alishasamehe. Mimi ndiye niliyekuwa nikiyasikia maji yale kila masika."

Kwa hiyo, kabla ya msingi kuchimbwa, mama watoto aliwaketisha mabinti na waume zao, masharti yakaandikwa mbele ya mashahidi: nani atatengeneza ukuta ukipasuka, dirisha lisifunguliwe kuelekea kiwanda cha mwenzake, na birika la maji ya mvua liwe moja, kwa kuwa Manda maji matamu ni haba, kila nyumba ikichota kwa kiasi. Undugu hauondoi haja ya maandishi. Maandishi huulinda undugu.

Na tumemwambia fundi aache matundu ya boriti katika ukuta wa nje, upande wa kiwanja kitupu. Hatujui ni nani atakayejenga pale. Atakayekuja, inshallah, akute mahali pa kuegemeza, asilazimike kuomba.

Wabillahi tawfiq.