Ankh: Ishara ya Kusikilizwa

Ishara ya Misri ya kale iitwayo ankh inafahamika kwa umbo lake: msalaba ambao mkono wake wa juu ni kitanzi. Ilianza kutumika takriban miaka 5,000 iliyopita, na maana yake, 'uhai', haina ubishi. Lenye ubishi ni asili yake. Kila panapojadiliwa Uafrika wa Misri, ankh huitwa kutoa ushahidi, na aghalabu shahidi huyu hutazamwa tu, hasikilizwi. Mmoja huona humo tumbo la uzazi. Mwingine huona pingili ya uti wa mgongo wa fahali. Macho hayakosi la kuona.

Hata majina yaliyoenea ni ya watazamaji. 'Ufunguo wa uhai' ni jina la wageni walioona kishikio wakafikiria ufunguo. Jina la Kilatini, lenye maana ya msalaba wenye mpini, nalo limetoka katika macho ya Kikristo. Mtetezi wa Uafrika wa ankh atumiaye majina hayo huanza hoja yake akiwa amekwisha kuazima macho ya wengine.

Yafaa basi kuanza na sauti. Waandishi wa Misri waliandika konsonanti pasipo irabu, na neno hili lilikuwa na tatu, ambazo msomaji wa hati za kale za Kiswahili angeziita ain, nuni na kha. Alan Gardiner, katika sarufi yake ya mwaka 1927, aliutambua mchoro huu kuwa gidamu ya kiatu. Ikiwa ndivyo, gidamu na uhai havikuunganishwa na falsafa yoyote ya viatu, bali na mlio mmoja. Ni kana kwamba mwandishi wa Kiswahili, akitaka kuandika kitenzi 'paa', angemchora paa wa porini. Uhai hauchoreki, kwa hiyo kiliazimwa kitu kinachochoreka ambacho jina lake lilifanana nao kwa sauti. Kwa istilahi ya uhakiki, ankh ni jinasi iliyochorwa.

Jinasi hiyo haikukomea kwenye gidamu. Konsonanti zizo hizo zilitaja kioo cha kujitazamia, shada la maua, kiapo, na hata masikio mawili. Wamisri waliyajua hayo na kuyachezea. Katika kaburi la Tutankhamun, lililogunduliwa mwaka 1922, lilikuwamo kasha la kioo lenye umbo la ankh. Na katika picha za makaburi ya Thebes watu hukabidhiwa mashada ambayo jina lake lilikuwa lilo hilo la uhai. Kupewa maua kulikuwa kupewa uhai.

Hapa ndipo ulipo mzizi wa Kiafrika wa ishara hii. Umbo laweza kuigwa na yeyote. Jinasi haitafsiriki, kwani hufia njiani inapohamishwa. Ankh ilizaliwa na lugha ya bonde la Nili, na lugha hiyo imo katika familia ya Kiafroasia pamoja na Kisomali, Kioromo, Kihausa na lugha za Waberberi. Tawi la Kisemiti ndilo pekee katika familia hiyo lenye makao pia Asia. Cheikh Anta Diop, aliyetetea hoja zake mbele ya wataalamu wenzake jijini Kairo mwaka 1974, alisisitiza ushahidi wa lugha. Ulinganisho wake wa Kimisri na Kiwolofu haukukubaliwa na wanaisimu wengi, lakini kwamba lugha ndiyo ya kuhojiwa, hapo alikuwa na haki.

Mwaka 391 hivi, hekalu la Serapis lilipobomolewa jijini Alexandria, zilionekana humo ishara zilizofanana na msalaba. Mwanahistoria Socrates wa Constantinople asimulia kwamba Wakristo na wapagani walizigombania, kila upande ukidai ni zake, hadi waliojua maandishi ya kale waliposema kuwa zilimaanisha uhai ujao. Swali la watazamaji lilijibiwa na wasomaji.

Mhakiki wa Kiafrika leo amesimama pale pale. Uafrika wa ankh hauhitaji kubahatishwa kwa kufananisha maumbo, kwani umo katika lugha, na lugha hujifunzwa. Anayeidai ishara hii kuwa urithi wa bara lake hana budi kujifunza kuisoma.