Kufunika Si Kufunga

Mke wa askari huijua thamani ya siri bila kwenda chuoni. Anajua ni jirani yupi aambiwe kwamba mume yuko zamu ya usiku, na ni yupi aambiwe kwamba amelala. Watoto nao hujifunza mapema kwamba si kila aulizaye alipo baba anastahili jibu. Desturi hiyo si uongo wala kiburi. Ni kutambua kwamba neno likishatoka halirudi. Lakini siku hizi siri ya nyumba ya askari haikai nyumbani peke yake. Hukaa pia ofisini, ndani ya kompyuta, pamoja na siri za maelfu ya wenzake, na walinzi wake ni makarani ambao mke huyo huenda asionane nao maishani.

Nchi iliyofunzwa jambo hilo kwa uchungu ni Ayalandi ya Kaskazini. Katika mapigano ya miaka thelathini, yaliyotulizwa na mapatano ya mwaka 1998, polisi wapatao 300 waliuawa huko, baadhi yao wakiwa nje ya zamu, mbele ya nyumba zao. Hata baada ya mapatano hayo, vikundi vidogo vilivyoyakataa viliendelea kuwawinda polisi. Mwezi Aprili 2011 polisi kijana aliuawa mjini Omagh kwa bomu lililotegwa chini ya gari lake. Katika mji huohuo, Februari 2023, afisa wa upelelezi aliyekuwa amemaliza kuwafundisha vijana kandanda alipigwa risasi mbele ya mwanawe. Alinusurika na majeraha makubwa. Ndiyo maana polisi wa huko huinama kutazama chini ya gari kabla familia haijapanda, na wako wanaowaficha hata ndugu zao kazi wanayoifanya.

Katika hali hiyo ndipo ilipofika Jumanne ya tarehe 8 Agosti 2023. Mwananchi alikuwa ameuliza, kwa mujibu wa sheria ya haki ya kupata habari, idadi ya watumishi wa polisi kwa kila cheo. Lilikuwa swali halali, na jibu lake lilikuwa tarakimu tupu. Ili kuzipata tarakimu hizo, ofisi ilichota orodha nzima ya watumishi kutoka katika programu ya kumbukumbu zao, ikaiweka katika faili ya majedwali, ikahesabu, kisha ikafuta kurasa zisizohitajika. Ukurasa mmoja ulisahauliwa. Haukuonekana kwa macho, lakini ulikuwamo. Faili ilipita mikononi mwa watu kadhaa, ikakaguliwa, wala hakuna aliyeugundua.

Saa nane na dakika 31 mchana faili hiyo iliwekwa katika tovuti ya wazi. Ndani yake mlikuwa na habari za watumishi 9,483, maaskari na raia: jina la ukoo, herufi za kwanza za majina mengine, cheo, idara na kituo cha kazi. Anwani za nyumba hazikuwamo, lakini katika nchi ndogo, jina la ukoo lisilo la kawaida latosha kumwonyesha mtu mlangoni pake. Mnamo saa kumi na dakika kumi, polisi wenyewe ndio waliotoa taarifa ya hatari. Faili ilifutwa kabisa saa kumi na moja na dakika 27. Muda huo wa karibu saa tatu ulitosha. Siku chache baadaye mkuu wa polisi, Simon Byrne, alikiri kwamba orodha hiyo ilikuwa imefika mikononi mwa maadui. Mwanzoni mwa Septemba alijiuzulu.

Ni rahisi kumlaumu karani. Hata hivyo, uchunguzi huru uliotangazwa Desemba 2023 haukumtwika mtu mmoja mzigo huo. Ulionyesha kwamba chombo kizima hakikuwa kimeupa ulinzi wa habari zake uzito unaostahili.

Programu ya ofisi inayotumiwa na wengi ni kama nyumba yenye vyumba vingi. Mwenye kulipa mishahara hupewa ufunguo wa chumba cha mishahara; mwenye kupanga likizo hupewa wa chumba chake. Utaratibu huo ni mwema. Lakini mtu akishachota orodha kutoka chumbani na kuitia katika faili nyingine, kufuli hubaki nyuma. Faili haijui tena nani aliruhusiwa na nani alikatazwa. Humfungukia yeyote aipataye. Kuuficha ukurasa ndani yake ni kufunika chungu kwa kawa: nzi watazuiwa, mwizi hatazuiwa.

Jirani akiomba kibaba cha unga hapewi gunia zima lililokunjwa mdomo, kwa kutumaini kwamba hatatazama ndani. Hupimiwa kibaba chake katika chombo kingine. Vivyo hivyo, aliyeombwa tarakimu yampasa aziandike tarakimu hizo katika ukurasa mpya, ndani ya faili mpya isiyowahi kubeba jina la mtu. Mkaguzi naye asiulize tu kama jibu ni sahihi; aulize ni kitu gani kingine kimefuatana nalo. Ufunguo utolewe kwa kadiri ya kazi, si kwa kadiri ya cheo wala urafiki. Na mtu ahamapo idara, aurudishe ufunguo siku hiyohiyo, hata akiwa mwaminifu kuliko wote. Mwaminifu asione amedharauliwa kwa kunyimwa asichokihitaji. Siku siri itakapovuja, atashukuru kwamba hakuwa miongoni mwa walioweza kuivujisha.

Mwezi Oktoba 2024, Kamishna wa Habari wa Uingereza alilitoza jeshi hilo la polisi faini ya paundi 750,000. Alieleza kwamba, lau si chombo cha umma, faini ingefikia paundi milioni 5.6. Fedha hulipwa, hesabu ikafungwa. Lakini hakuna fedha iwezayo kulirudisha jina gizani baada ya kusomwa na adui, wala kumpa mama usingizi aliokuwa nao kabla ya Jumanne ile. Kwa hiyo karani aketiye mbele ya orodha ya askari asidhani kwamba ameshika karatasi. Ameshika milango ya nyumba za watu, na wengi wao wamelala.