Siku Tatu za Njia, Masisi na Walikale

Wazee wetu husema kuwa kuishi kwingi ni kuona mengi. Hata safari fupi yaweza kumwonyesha mtu mengi, na pengine lile asilopenda kuliona: moyo wake mwenyewe. Ndivyo ilivyotupata sisi katika Kivu ya Kaskazini, mwezi wa Julai 2019, tulipokwenda wakati wa likizo kumtembelea ndugu yetu, mwalimu kama sisi, huko Walikale.

Tuliondoka Goma alfajiri. Mpaka Sake njia yapita karibu na ziwa Kivu, nayo ilijaa vijana wenye chukudu, vile vyombo vya mti vya magurudumu mawili, vimesheheni viazi na makaa. Toka Sake lori letu dogo lilianza kupanda. Mtu asiyepata kuiona Masisi hawezi kusadiki uzuri wake. Vilima vingi vyapita meta 2000 juu ya bahari. Ukungu wa asubuhi walala mabondeni, na ng'ombe hula majani kwenye miteremko ambako mtu huogopa kusimama. Kando ya njia watu waliuza jibini ya mviringo, ile ijulikanayo hata Kinshasa. Kwa haraka ya mgeni tulisema moyoni: Hapa hakuna awezaye kulala njaa, wala kumchukia jirani yake.

Lakini nchi si majani tu. Wahunde ndio wenyeji wa tangu zamani. Kati ya 1937 na 1955 serikali ya Wabelgiji ilihamisha maelfu ya watu kutoka Rwanda, ikawaweka katika vilima hivi, wapate kufanya kazi katika mashamba makubwa. Watoto na wajukuu wao walizaliwa hapa. Hata hivyo swali la nani mwenyeji na nani mgeni halikuisha. Mwezi wa Machi 1993 mauaji yalianza sokoni Ntoto, katika Walikale, yakaenea mpaka Masisi. Watu wengi mno walikufa au wakakimbia. Hayo tulikuwa tumeyasoma, nasi tulidhani kuyasoma ni kuyajua.

Penye kona moja ya mlima mama mmoja alisimamisha lori. Alikuwa na mtoto mgongoni na gunia dogo la maharage. Aliposalimu, abiria walisikia matamshi yake, wakatazamana. Mmoja akamwuliza:

– Mama, wewe ni mtu wa wapi?

Mama akaonyesha kwa mkono kilima kilichokuwa mbele yetu.

– Hapana, mama. Twauliza asili yako.

Mama akanyamaza. Basi mara nafasi ikakosekana. Lakini kando yetu nafasi ilikuwapo; tulikuwa tumeweka mkoba wetu hapo. Hatukuuondoa mkoba, wala hatukusema neno. Lori likaenda zake, vumbi likamfunika mama pamoja na mtoto wake. Jioni, tulipofika Masisi, tulisali rozari kama desturi, lakini katika kila fumbo tuliuona mkoba ule.

Kesho yake tulipanda pikipiki. Baada ya Nyabiondo nchi yaanza kushuka. Malisho yakaisha, msitu ukatupokea, miti mirefu ikafunika mbingu. Hewa ikawa nzito na ya joto. Kupita Kashebere njia iligeuka kuwa matope, na kwenye vijito daraja lilikuwa magogo mawili tu. Ilikuwa majira ya kiangazi, lakini mvua ya msituni haingoji majira. Alasiri ikatunyeshea kwa nguvu, pikipiki ikazama mpaka katikati ya magurudumu, giza likaingia. Hatukujua Kinyanga, lugha ya watu wa huko, hata neno moja. Sasa sisi ndio tuliokuwa wageni wenye matope, tukibisha hodi usiku.

Mlango uliofunguka ulikuwa wa katekista mmoja mzee. Alituangaza kwa taa, akasema kwa Kiswahili:

– Ingieni, baba. Mvua haina huruma.

Hakutuuliza kabila, wala asili, wala barua. Mkewe aliwasha moto mkubwa, akatuandalia ugali wa muhogo na sombe yenye mawese. Watoto walihamishwa kitandani ili sisi tulale pakavu. Baada ya kula mzee alitusimulia habari za Mwindo, shujaa wa Wanyanga. Baba yake hakumtaka, akamfungia ndani ya ngoma na kumtupa mtoni. Lakini shangazi yake Iyangura akampokea. Na mwisho wa yote Mwindo alipatana na baba yake, wakagawana utawala.

Tulipokuwa tukisikiliza, aibu ilitulemea. Tukamweleza mzee habari za mama yule wa njiani. Tulidhani atatukemea. Alikoroga moto kwa muda, kisha akasema:

– Mwalimu, mwaka 1993 nilikuwa kijana. Usiku mmoja watu walibisha mlango wangu. Niliwafahamu kwa sauti. Tulikuwa tukiuziana mbuzi. Nilizima taa. Asubuhi hawakuwapo tena. Tangu usiku ule mlango huu sijaufunga kwa mtu.

Wala hakuongeza neno. Tulisali pamoja Baba Yetu, tukalala.

Siku ya tatu tulifika Walikale, mji ulio chini ya meta 1000, kando ya mto Lowa. Huko watu wengi huongea habari za kasiteriti, jiwe litoalo bati, ambalo huchimbwa hasa Bisie. Kwa miaka mingi ndege ndogo zilitua juu ya kipande cha barabara ya lami pale Kilambo ili kulibeba, nao vijana wengi waliacha daftari wakaenda kuchimba. Ndugu yetu alitupeleka ukingoni mwa mto. Akatuambia:

– Kaka, maji haya yatoka Masisi mlikopita. Yanakwenda Lualaba. Mvua inyeshayo upande wa pili wa milima, kule Sake, huingia ziwa Kivu, hupita Ruzizi mpaka Tanganyika, kisha hutokea Lukuga. Nayo pia huishia Lualaba.

Tulikaa kimya tukiyatazama maji. Mlima mmoja hugawa mvua, hii huku na hii kule, na kila tone hudhani lina njia yake. Lakini mto ni mmoja.

Wasomaji wapenzi, tangu safari ile nchi hizo zimepata mateso mapya. Mwezi wa Januari 2025 haujaisha, mji wa Masisi ulikuwa umetwaliwa na waasi wa M23. Mwezi wa Machi waliingia Walikale, wakatoka mwanzoni mwa Aprili. Watu wengi walikimbilia msituni. Habari za katekista yule hatujapata. Twamwombea kila siku, yeye na mkewe, na pia mama yule mwenye maharage, ambaye hata jina lake hatukumwuliza.

Bwana wetu alitufundisha kuwa siku ya mwisho tutaulizwa kama tulimpokea mgeni. Hatasema nasi habari za asili yake. Kwa hiyo, ninyi wanafunzi, mtakapoketi katika lori na mtu akasimama njiani na mzigo wake, msingoje mtu mwingine aseme. Ondoeni mkoba, msogee kidogo. Jambo hilo ni dogo sana, nasi tulishindwa nalo.