Gari Likigonga na Kukimbia, Tukimbilie Mtu Kwanza

Kati ya Lubumbashi na Likasi kuna kilomita 120 hivi za barabara ya taifa namba 1. Kila siku hapo zinapita kamyo za shaba na kobalti zikitoka upande wa Kolwezi kwenda mpaka wa Kasumbalesa, na zingine zinarudi na chokaa, mafuta na mashini za migodi. Pembeni ya kamyo hizo wanatembea watoto wa shule, akina mama wenye mabeseni ya mboga kichwani, na watu wa makala wanaosukuma baiskeli zilizojaa mifuko.

Mimi natuma habari za redio kutoka barabara hii. Kuna habari moja ninayoituma mara nyingi kuliko nilivyotaka, na daima ina mistari mitatu: gari limegonga mtu, dereva amekimbia, polisi inafanya uchunguzi. Wasikilizaji wameizoea kama bei ya unga. Lakini mistari hiyo haisemi watu waliokuwepo walifanya nini katika nusu saa ya kwanza. Katika nusu saa hiyo majeruhi anaweza kupona au kufa, na kesi yake inaweza kupata nguvu au kupotea kabisa. Nataka kuandika juu ya nusu saa hiyo, kwa sababu polisi hawajafika bado, ambulansi haipo, na sisi ndio tupo.

Mwaka jana niliitwa jioni moja kwenye kijiji cha barabarani. Kamyo ilikuwa imegonga kijana aliyekuwa anasukuma baiskeli, ikaendelea. Nilipofika na pikipiki nilikuta watu kama mia moja, na karibu wote walikuwa wanatazama upande gari lilikokimbilia. Vijana wanne walikuwa wamepanda pikipiki mbili kuifuata. Wengine waliokota mawe, wengine walikuwa wanaburuta matairi kufunga barabara. Kamyo nyingine, ambayo haikuwa na kosa lolote, ilikwisha vunjwa kioo. Mama mmoja muuza mikate alikuwa chini na yule kijana, ameshika kichwa chake kwa mikono miwili, anaomba kitambaa. Aliomba mara tatu nikiwepo kabla ya mtu kuvua shati.

Nikauliza plake ya gari. Nilipata majibu matano: ilikuwa nyeupe, ilikuwa ya bluu, ilitoka Zambia, ilitoka Tanzania, haikuwa na plake kabisa. Watu mia moja, na hakuna aliyeandika namba hata moja. Wale vijana wanne walirudi usiku mikono mitupu. Yule kijana alipona, shukrani kwa mama wa mikate, na leo anatembea na mkongojo. Dosye yake polisi ina ukurasa mmoja.

Kwa nini madereva wanakimbia? Nimeuliza wengi wao Kasumbalesa, wakati wanangoja zamu ya kuvuka. Wengine hawana asiransi ama karatasi zao zimepita muda. Wengine walikuwa wamekunywa, au wameendesha usiku kucha. Lakini jibu linalorudi zaidi ni kwamba wakisimama watu watawapiga mpaka wafe na kuchoma gari. Jibu hilo linaniumiza, lakini siwezi kusema ni uongo, kwa sababu nimeona magari yaliyochomwa. Kila mara umati unapochoma gari la dereva aliyesimama, dereva wa kesho anajifunza kukanyaga mafuta. Hasira yetu inawafundisha kukimbia.

Sheria haimpi dereva nafasi hiyo. Sheria namba 78/022 ya tarehe 30 Agosti 1978, ambayo ndiyo kodi ya barabara ya nchi yetu, inaadhibu kukimbia kama kosa la peke yake. Hata kama ajali haikutokana na kosa la dereva, akikimbia ili asitambuliwe amekosa. Kwa hiyo ninawaambia madereva wanaosoma hapa: simama, saidia. Ukiona mawe yanaanza kuruka na maisha yako yako hatarini, nenda moja kwa moja kwenye polisi ya karibu, jitaje, sema mahali majeruhi alipo. Usiende kwa fundi kubadilisha taa iliyovunjika.

Sasa sisi wa pembeni ya barabara tufanye nini? Mimi naona kazi tatu, na kila kazi ipate watu wake. Mtu mmoja mwenye sauti, iwe mwalimu, papa wa kanisa ama chefu wa kijiji, agawe kazi: wewe na wewe kwa majeruhi, wewe kwa plake, wewe kwa simu.

Kazi ya kwanza ni majeruhi. Kwanza watu wawili wasimame mbali, mmoja kila upande wa barabara, wapunguze magari kwa tawi au kitambaa ama taa ya simu, maana gari la pili huua waliokuja kusaidia. Majeruhi asivutwe kwa mikono wala kukalishwa kwa nguvu. Damu ikitoka sana, kandamiza pale pale kwa kitambaa safi na usiachilie kila dakika kuangalia. Usimpe maji wala chakula. Kama alikuwa na kofia ya pikipiki na anapumua vizuri, iache kichwani. Najua kwetu mara nyingi tunampakia kwenye pikipiki, katikati ya dereva na mtu anayemshika nyuma. Mtu aliyeumia mgongo au shingo anaweza kulemaa kwa safari hiyo. Tafuta ubao, mlango wa zamani au meza, mlaze, watu wanne wamwinue pamoja, mwombe mwenye pikap au taksi-basi.

Kazi ya pili ni gari. Plake za Kongo zina tarakimu nne, herufi mbili, kisha tarakimu mbili za jimbo. Ukishika hata nusu yake, andika mara moja: kwenye simu, kwenye mkono, kwa kijiti mchangani. Usitegemee kichwa, maana baada ya dakika tano watu watakuwa wamekuambia namba zingine. Angalia pia rangi ya kichwa cha kamyo na ya turubai, jina la kampuni lililoandikwa mlangoni, mzigo, idadi ya remoki, usukani kama uko kushoto ama kuume. Magari ya Zambia na Tanzania yana usukani kuume kwa sababu kule wanaendesha kushoto. Kwetu tunaendesha kuume, na dereva wa namna hiyo akitaka kupita mwingine haoni vizuri kinachokuja mbele. Piga picha alama za breki na vipande vya kioo kabla magari mengine hayajavikanyaga, na usiviokote. Kipande cha taa kinaweza kulingana na taa iliyovunjika ya gari lililokamatwa mbali.

Kazi ya tatu ni simu, na hapa ndipo tunapopoteza kesi nyingi. Kamyo ya tani 30 haiwezi kuingia porini kama mwizi wa kuku. Mbele yake kuna peaji, kuna mzani, na kama inatoka nje ya nchi kuna Kasumbalesa, ambako itapanga mstari. Kuifuata kwa pikipiki usiku ni kutafuta maiti ya pili. Piga simu polisi wa mbele, piga kwa ndugu aliye karibu na peaji, sema rangi, plake, saa na upande inakoelekea. Simu inafika kabla ya gari.

Majeruhi akifika hospitali, zinaanza karatasi, na familia nyingi hazizitaki kwa sababu karatasi zinakula pesa na siku. Hata hivyo ziko mbili ambazo msiziache. Ya kwanza ni prosevebali ya polisi wa barabara, inayoandika mahali, saa, mashahidi na vipimo. Ombeni namba yake na jina la OPJ anayeshika dosye. Ya pili ni rekizisyoni ambayo OPJ anampa daktari, ili daktari aandike rasmi majeraha. Mkichelewa wiki tatu, kidonda kimekauka, na wakili wa upande mwingine atauliza mmejuaje kama hakikutoka kwa kuanguka mtini. Wekeni pia kila resiti ya dawa, ya usafiri, ya chumba. Andikeni majina na namba za simu za mashahidi wawili au watatu, kabla hawajarudi shambani au kuhama.

Lililonifanya niandike haya lilitokea katika familia yangu. Mtoto wa yaya wangu aligongwa na gari dogo la kampuni. Mimi nilikuwa kazini mbali, siku tatu. Dereva alikimbia, lakini alipatikana kwa sababu mwanafunzi mmoja aliandika plake kwenye daftari. Siku ya pili walikuja watu wawili wenye heshima, na mfuko wa mchele, bahasha, na karatasi ya Kifaransa. Yaya hasomi Kifaransa. Alikuwa hajalala, hospitali ilikuwa inadai pesa kabla ya kumpasua mtoto, na bahasha ilitosha upasuaji. Akasaini. Karatasi ilisema amelipwa yote na hatadai tena kitu chochote. Baada ya miezi miwili mfupa ulionekana umeunga vibaya, ukahitaji upasuaji wa pili. Tulipopiga simu kwa wale mabwana, walituambia tusome karatasi.

Simlaumu yaya. Mama anayesikia mtoto analia kwa maumivu atasaini hata ukuta. Lakini tangu siku hiyo nawaambia watu: chukueni msaada wa hospitali, mwandike kwamba ni msaada wa matibabu, na msisaini kwamba yote yamekwisha mpaka daktari aseme mtoto amepona. Karatasi ya lugha usiyoijua isomwe na mtu wako, wala si mtu wao. Na mjue kwamba kupatana na familia hakumzuii mwendesha mashtaka wa parke kumfuata dereva kwa kosa lake.

Mjue pia kwamba dereva si peke yake anayedaiwa. Kitabu cha tatu cha kodi yetu ya kiraia, kuanzia kifungu cha 258, kinasema anayemletea mwingine hasara kwa kosa lake lazima ailipe, na mwenye kazi anajibu kwa hasara iliyoletwa na mfanyakazi wake akiwa kazini. Dereva hana kitu mfukoni, lakini kampuni yake inacho. Asiransi ya kulipa watu wengine ni lazima kwa kila gari tangu 1973. Kwa miaka mingi SONAS ilikuwa peke yake, kisha sheria ya tarehe 17 Machi 2015 ikafungua soko, na sasa ziko kampuni nyingine. Kwa hiyo gari likipatikana, ulizeni ni asiransi ya kampuni gani, na mpige picha karatasi yake. Kwa kamyo za nchi jirani, ulizeni Kadi ya Manjano ya COMESA. Kadi hiyo ni asiransi inayovuka mipaka, nayo inatambulika Kongo, Zambia na Tanzania. Maana yake familia ya hapa inaweza kudai hapa hapa nchini, haihitaji kwenda Dar es Salaam wala Ndola kutafuta kampuni.

Wengine wananiomba nitangaze plake redioni papo hapo. Ninatangaza rangi ya gari, upande lilikoelekea na namba ya polisi ya kupigia. Plake nzima ninampa OPJ kwanza. Mtu mmoja akikosea herufi moja, nimemtupa dereva asiye na kosa mikononi mwa wenye mawe. Hukumu ni kazi ya tribunali, siyo ya mikrofoni yangu.

Najua mtakachosema: polisi wataomba pesa ya mafuta, dosye italala, mwenye kampuni ana marafiki. Mara nyingine ni hivyo kweli. Lakini nimefuata kesi kadhaa kwenye barabara hii, na zile zilizofika mbali zilikuwa na plake iliyoandikwa, karatasi ya daktari na mashahidi wenye majina. Zile za mawe na matairi sikuona hata moja iliyomletea majeruhi kitu.

Leo kabla ya kulala, ingizeni namba nne kwenye simu: ya polisi ya karibu, ya kituo cha afya, ya mtu mwenye gari kijijini, na ya chefu. Waambieni watoto wanaotembea kando ya barabara watembee wakitazama magari yanayokuja, na wajizoeze kusoma plake kama mchezo. Aliyeokoa kesi ya mtoto wa yaya alikuwa mwanafunzi mwenye daftari na kalamu.