Nilishuka na Ng'ombe, Nikapanda na Bunduki

Mimi ni mtoto wa Masisi, mashariki mwa Kongo. Nikiwa mdogo nilikuwa tayari naswaga ng'ombe wa baba na wa majirani kutoka malisho ya Mushaki. Tunateremka Sake, tunashika barabara ya kando ya Ziwa Kivu, tunapita Mugunga hadi machinjioni Goma. Asiyeijua kazi ile hudhani ni kufuata mikia tu. Mawe ya volkano yanaumiza kwato. Mmoja akichechemea, kundi zima linapunguza mwendo, na giza likikukuta njiani una mali ya watu mkononi. Nilijifunza kutazama masikio: yakisimama yote kuelekea upande mmoja, kuna mtu kichakani.

Mwaka 1993 vita vikaingia Masisi. Ng'ombe wakaporwa, wengine wakachinjwa wakiwa na mimba. Zizi letu likabaki nyasi. Miaka ikapita, nikavaa sare ya walinzi wa Hifadhi ya Virunga, iliyoanzishwa 1925, hifadhi ya taifa ya kwanza barani Afrika.

Humo ndimo nilimogeuka. Tulipokuta makundi yakilishwa ndani ya hifadhi, wenzangu waliona wahalifu. Mimi niliona vijana wa buti za mpira wasiomiliki hata ndama. Mwenye ng'ombe yuko mjini. Ukimfunga kijana, wiki ijayo analetwa mwingine na ng'ombe walewale. Nikazoea kutangulia, bunduki begani, namsalimu kwa Kinyarwanda, namuuliza hali ya ng'ombe kwanza, kama ilivyo adabu ya wafugaji. Ndipo namwambia atoke, naye huwa anatoka. Samadi ndiyo iliyokuwa ikinieleza yaliyobaki: ikiwa bado ina joto, kuna kundi jingine halijafika mbali.

Sisemi silaha haina kazi. Tarehe 24 Aprili 2020, karibu na Rumangabo, wenzetu 12 waliuawa katika shambulio moja, wakafa na raia pia. Uchungu ule haujanitoka. Lakini kumgeuza kila mwenye fimbo kuwa adui ni kuwazawadia waasi wenye bunduki watu wa kuwaongoza porini, na hilo nitalibishania popote, hata mbele ya wakubwa.

Mchungaji mmoja niliyemtoa hifadhini bila kumpiga alirudi baadaye, hana ng'ombe, akatupeleka chini ya Mlima Mikeno kwenye mitego ya waya iliyotegwa katika mapito ya sokwe. Tuliing'oa yote siku hiyohiyo.